Kubadilisha tepu za bekapu bila kuichanganya programu

Kabla ya kuvuta tepu yoyote, iambie kwanza programu ya bekapu, ile inayonakili data kwenye tepu. Fungua orodha ya vifaa, simamisha kazi zinazotumia mashine inayosoma na kuandika tepu hiyo, kisha uitoe tepu kupitia programu yenyewe, si kwa kubonyeza kitufe cha mashine. Ukishaweka nyingine, iagize programu isome upya lebo za tepu katika nafasi zote. Usipofanya hivyo itaamini tepu ya jana bado iko pale, na kazi ya usiku itakaa ikingoja mtu mpaka asubuhi.

Lebo zenyewe zina habari. Ikiishia na L8, hiyo ni LTO-8, yaani kizazi cha nane cha tepu za LTO, ya terabaiti 12 kabla data haijabanwa. Mashine ya LTO-9 itaisoma na kuiandika. Ya LTO-7 haitaiweza. Inayoanza na CLN ni ya kusafishia: itumie mashine inapoomba, si kila Ijumaa kama wengine wanavyopenda, maana huchakaza kichwa cha mashine, kile kinachosoma tepu.

Bekapu za kwenye diski hazina maneno mengi. Zipe diski kikomo zisijae kabisa.

Kinachonisumbua zaidi ni joto la Kisumu. Seti yetu moja ya tepu huenda Nakuru kwa gari, ndani ya kasha lake, na dereva anajua: hakuna kuegesha juani Kondele eti anakula samaki. Ikifika, ikae chumbani saa 24 kabla ya kuingizwa kwenye mashine. Halafu, kuijaribu bekapu, rejesha faili moja ya kweli kutoka kwenye tepu. Mimi huchagua leja ya mwezi uliopita, mhasibu ailinganishe na yake.