Lexington, Kentucky: kuishi mjini kati bila kuvutwa gari wala kupoteza dipoziti

Mtu akikuelekeza Lexington anaweza kukuambia ufuate Harrodsburg Road mpaka mjini. Ukifika katikati utaitafuta Harrodsburg Road usiione. Barabara ni hiyohiyo, ila ikiingia mjini inaitwa South Broadway, ikivuka Main Street inakuwa North Broadway, na ikitokea upande wa pili inaitwa Paris Pike. Nicholasville Road nayo ikikaribia mjini hugeuka South Limestone. East Main ukiifuata inakutoa Richmond Road, na West Main inakutoa Leestown Road. Zilipewa majina ya miji midogo zinakoelekea, zikitawanyika kutoka kitovuni kama spoki za baiskeli. Mduara wa kwanza unaozikata ni New Circle Road, na wa nje zaidi, usiofunga duara zima, ni Man o' War Boulevard, jina la farasi wa mbio.

Kwa wanaotoka Kongo au Burundi na Kifaransa chao, tahadhari moja: Versailles Road hapa hutamkwa "Vaseilzi". Ukimtajia dereva wa basi matamshi ya Kifaransa, huenda asijue unakwenda wapi.

Ukishaelewa anwani, mjini kati hupotei. Main ndiyo inayogawa kaskazini na kusini, Limestone inagawa mashariki na magharibi, na kila bloku hubeba namba mia moja. Maktaba Kuu ipo 140 East Main: bloku ya kwanza mashariki ya Limestone. Ukumbi wa michezo wa Rupp Arena upo 430 West Vine: bloku ya nne magharibi. Mahakama ya wilaya ni 150 North Limestone, hatua chache kaskazini ya Main. Herufi E (mashariki), W (magharibi), N (kaskazini) au S (kusini) si pambo. Ukiiacha, programu ya ramani inaweza kukupeleka upande wa pili wa mji, nawe una miadi ya saa 3 asubuhi.

Na hiyo saa 3 kwao ni 9 AM. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili hukosea hasa kwenye vibao vya maegesho. Kibao kikisema 8 AM – 6 PM, maana yake ni saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Tarehe nazo huanza na mwezi: 05/06 ni tarehe 6 Mei, si 5 Juni. Kwenye mwaliko wa harusi kosa hilo ni la kuchekwa. Kwenye hati ya mahakama linaweza kukutoa nyumbani, kama tutakavyoona.

Gari na basi

Nguzo moja ya maegesho inaweza kubeba vibao vitatu. Visome vyote, kuanzia cha juu. Chekundu hukataza na cha kijani huruhusu kwa masharti, na mshale huonyesha amri inaelekea upande gani wa nguzo. "2 HR" ni muda wa saa mbili tu, na mara nyingi kuongeza pesa kwenye mita hakukuongezei muda zaidi ya hapo. Kwenye barabara ya njia mbili usiegeshe ukiwa umeelekea kinyume na magari ya upande wako. Faini yake inakuja hata kama mita umeilipia. Ukipiga picha ya kibao na ya mita kabla ya kuondoka, utakuwa na cha kuonyesha ukikata rufaa.

Faini ya jiji inauma, lakini maegesho ya watu binafsi nyuma ya benki na mikahawa huuma zaidi. Usiku huonekana matupu, hakuna mlinzi, hakuna mnyororo. Kibao kipo mlangoni: wateja pekee, wengine watavutwa. Gari likishachukuliwa na lori la kuvuta magari unalipia kuvutwa, kisha unalipia kila siku linapolala yadi, kwa hiyo aliyevutiwa gari Ijumaa akasubiri hadi Jumatatu anakuta bili imevimba. Jioni ambazo timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky inacheza Rupp Arena, wavuta magari hawalali. Siku hizo egesha mbali utembee, au uache gari nyumbani.

Mabasi ni ya Lextran, na karibu njia zote hukutana kwenye stendi ya Vine Street. Ukitaka kutoka mtaa mmoja wa pembeni kwenda mwingine wa pembeni, utaingia mjini kwanza, ushuke, upande jingine. Kwa hiyo safari ambayo kwa gari ni dakika kumi na tano inaweza kula saa nzima, na usipange miadi miwili karibukaribu. Uwe na nauli kamili, kwa sababu dereva harudishi chenji. Baiskeli hupakiwa kwenye fremu iliyo mbele ya basi. Mwambie dereva kabla ya kushusha, asije akaondoka nayo.

Nyumba

Kwanza ujue kwa nini kodi ni ghali. Mwaka 1958 Lexington ilikuwa ya kwanza Marekani kujichorea mpaka wa huduma za mji: ndani ya mstari yanajengwa majumba yenye mabomba ya maji taka na barabara, nje yake yanabaki mashamba ya farasi. Mpaka uliongezwa mara chache tu. Baada ya 1996 haukuguswa tena mpaka 2023, baraza la jiji lilipoamua kuuongeza. Ardhi ikibanwa hivyo huku watu wakiongezeka, wajenzi hugeukia viwanja vya katikati, na kilichokuwa uwanja wa magari kinakuwa ghorofa. Lakini usitegemee ratiba yao. Bloku nzima karibu na mahakama ya zamani ilibomolewa mwaka 2008, ikakaa nyasi na baadaye shimo kwa miaka, mpaka jengo la City Center lilipokamilika. Ukipenda fleti kwa sababu dirisha linatazama kiwanja wazi, uliza kwanza kimeidhinishiwa nini, maana vyuma vya wajenzi huanza kugongana alfajiri.

Wenye majengo wengi hutaka kipato cha mara tatu ya kodi pamoja na historia ya mikopo. Mgeni asiye na historia hiyo huombwa dipoziti kubwa zaidi, na sheria ya Kentucky haina kikomo cha kiasi. Ada ya maombi hairudi hata ukikataliwa, basi uliza vigezo kabla ya kuilipa. Usiangalie kodi peke yake pia: maegesho ya mwezi, taka, maji na bima ya mpangaji hujumlishwa juu yake, na mkataba ndio unaosema, si tangazo.

Kuhusu dipoziti, sheria iko upande wako kuliko wapangaji wengi wanavyodhani. Kabla hujaitoa, mwenye nyumba anatakiwa akupe orodha ya uharibifu uliopo tayari, nawe una haki ya kukagua, kisha mnatia saini wote wawili. Ikague kweli: fungua kila bomba, washa kila jiko, tazama zulia chini ya dirisha, na alichokiacha kiandike wewe. Dipoziti lazima ikae kwenye akaunti ya benki ya peke yake. Asipofanya hayo, hana haki ya kubakiza hata senti. Unapohama huandaliwa orodha nyingine. Usipokubaliana nayo, andika unapinga kipi, kisha saini pingamizi lako.

Watu wengi hupoteza pesa hatua ya mwisho, iliyo rahisi kuliko zote. Wanahama bila kuacha anwani mpya. Barua ya marejesho inakwenda kwenye anwani ya mwisho aliyo nayo mwenye nyumba, hakuna anayejibu, siku 60 zinapita, na pesa inakuwa yake kihalali. Andika anwani yako mpya kwenye karatasi, iweke tarehe, piga picha, ndipo uirudishe pamoja na funguo.

Ukichelewa kodi, Lexington inafuata sheria ya upangaji inayotaka upewe notisi ya maandishi ya siku 7. Zikiisha bila malipo, kesi hufunguliwa mahakama ya wilaya. Hapo ndipo ile 05/06 inapomponza mtu: anayesoma Juni anapitwa na Mei, na asiyefika huhukumiwa bila kusikilizwa. Baada ya hukumu kuna siku 7 za kukata rufaa, halafu sherifu anaweza kuja kutoa vyombo. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kukubadilishia kitasa au kukukatia umeme mwenyewe; akifanya hivyo ndiye aliyevunja sheria. Mkalimani wa mahakama ni bure, Kiswahili kikiwemo. Mwombe mapema kwa karani, wala usimlete mtoto wa shule akutafsirie kesi ya nyumba yake mwenyewe.

Mwenye nyumba akitaka kuingia anapaswa kukuarifu siku 2 kabla, isipokuwa kwa dharura. Heta ikifa au maji yakikatika, simu haitoshi: andika barua, baki na nakala. Asipojali, piga 311. Ndiyo namba ya huduma za jiji, nayo huwafikia wakaguzi wa nyumba. Hiyohiyo ni ya mashimo barabarani, taa za mtaa na mapipa. Wakikuambia habari za Herbie, Rosie na Lenny usidhani ni majirani: Herbie ni pipa la taka, Rosie ni la vitu vya kuchakatwa, na Lenny ni la majani ya bustani.

Kazi na biashara ndogo

Anayefanya kazi Lexington hukatwa asilimia 2.25 ya mshahara kwa ajili ya jiji, na mkazi huongezewa ya shule. Aliyeajiriwa hukatwa na mwajiri. Anayejiajiri, awe dereva wa teksi za programu ya simu, msusi au fundi, hakuna anayemkatia, na hapo ndipo deni hujengeka kimyakimya mpaka barua ya idara ya mapato ya jiji inapofika na riba juu. Jiandikishe kwao kabla ya mteja wa kwanza.

Wasusi wana nafuu: tangu 2016 Kentucky haidai leseni ya urembo kwa kusuka nywele za asili. Kuweka dawa ya kunyoosha ni jambo jingine, hilo linahitaji leseni. Kusajili kampuni ya LLC (yenye dhima ya kikomo) kwa katibu wa jimbo ni dola 40, na ripoti ya kila mwaka ni dola 15, mwisho tarehe 30 Juni. Usipoipeleka, kampuni huweza kufutwa. Barua zenye nembo zinazofanana na za serikali, zikidai dola mia na zaidi kwa kazi hiyohiyo, ni za wafanyabiashara wa kujaza fomu. Zitupe.

Kwa chakula, tofauti ipo kwenye nyama. Mikate na keki zina kibali cha kupikia nyumbani. Sambusa za nyama hazimo. Hizo zinataka jiko lililokaguliwa na idara ya afya, na mkaguzi atapima joto la friji yako kabla ya kuonja chochote.

Mabango kwenye viwanja

Kiwanja kikitaka kubadilishiwa matumizi, bango la kikao huwekwa hapohapo kwa siku 14 kabla. Barua huenda kwa wamiliki wa jirani. Mpangaji haipati hata kama ameishi hapo miaka kumi, kwa hiyo kwake bango ndiyo taarifa. Piga picha namba ya kesi, itafute kwenye tovuti ya jiji, na umpigie diwani wa wilaya yako. Madiwani ni 15, kumi na wawili wa wilaya na watatu wa jiji zima. Si lazima uwe raia ili uzungumze kikaoni. Utapewa dakika chache, basi anza na anwani yako, taja tatizo moja lenye kipimo, kama vile malori yatapita wapi au kituo cha basi kitahamia wapi, na uache nakala iliyoandikwa kwa karani.