Mapafu yana kovu, mapaja hayana: kuanza mazoezi ya kutembea ukiwa na ugonjwa sugu

Wagonjwa wa mapafu ninaowapokea, wengine wamepona TB wakabaki na makovu, wengine wamepika kwa kuni tangu usichana, karibu wote huanza na maneno yale yale: "Nikitembea nahema." Basi ameacha kutembea. Maji ya kuoga anapelekewa mlangoni, sokoni anatuma mjukuu. Baada ya miezi mitatu anahema hata akijifunga kanga. Aghalabu mapafu yako pale pale yalipokuwa. Kilicholegea ni mapaja. Msuli uliolegea hautumii oksijeni vizuri, unatoa asidi mapema, na asidi hiyo inaulazimisha mwili upumue zaidi. Kovu la pafu siwezi kulifuta. Mapaja nayaweza.

Nafanya kazi ya mazoezi tiba, na mpango huu ndio ninaowaanzishia watu wazima wenye ugonjwa sugu wa mapafu, presha, kisukari, au moyo uliotulia kwa dawa.

Kabla ya yote: nani asianze leo

Aliyepata shambulio la moyo mwezi huu, au ambaye kifua kinambana hata akiwa amekaa, aende kwanza kwa daktari. Presha ikiwa juu ya 180 kwa 100, au mapigo yanazidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, siku hiyo hatufanyi. Mwenye moyo kushindwa kazi akiona miguu imevimba zaidi na uzito umepanda kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, awahi kliniki. Na kama unakohoa damu, au umerudiwa na homa na jasho la usiku, peleka makohozi yakapimwe kwanza.

Hatua ya 1: Pima njia

Hospitali tunatumia korido ya mita 30. Nyumbani mita 15 zinatosha, mradi pawe tambarare, pasipite bodaboda, pasiwe na moshi wa jiko la jirani. Chukua futi kamba, pima, weka jiwe kila upande. Jiwe hadi jiwe, mita 15, naita kamba moja. Katikati weka kiti cha plastiki. Usibadilishe urefu baadaye, kwa sababu njia fupi ina kona nyingi na kila kona inakula muda. Vipimo vya njia mbili tofauti havilinganishwi.

Hatua ya 2: Tembea dakika 6

Weka saa ya simu. Unakwenda na kurudi kadiri uwezavyo bila kukimbia. Ukichoka unaruhusiwa kusimama na kuegemea ukuta, ila saa haisimami. Mtu mmoja akae pembeni akihesabu kwa vijiti au punje za mahindi, maana ukihesabu mwenyewe utapotea.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, alikuja na futi kamba yake mwenyewe kwa sababu hakuiamini yangu. Nilipomwambia aanze alitoka kama anayewahi daladala. Kamba ya nne akashika ukuta, mabega yamepanda mpaka masikioni. "Binti yangu, umenimaliza." Nikamwambia aegemee, mikono ukutani, avute hewa taratibu kwa pua, kisha aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anapoza uji wa moto, kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Pumzi ya tano mabega yakashuka. Alimaliza kamba 12 na kidogo. Akapumzika nusu saa, akanywa maji, tukarudia. Safari hii nilimwomba atembee kama anayesindikiza mgeni. Alipata kamba 15, yaani mita 225, na hakusimama hata mara moja.

Kwa hiyo pima mara mbili na uandike matokeo bora. Mara ya kwanza mtu huwa bado anajifunza mwendo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mwendo wako

Gawa mita zako kwa 6. Mita 225 kwa 6 ni 37.5 kwa dakika. Chukua asilimia 80 yake: mita 30 kwa dakika. Huo ndio mwendo wa kuanzia. Kwa dakika 10 ni mita 300, au kamba 20. Mzee hakufurahi, aliona ni mwendo wa kinyonga. Lakini kinyonga wa kila siku anamshinda mwanaume wa siku moja anayelala siku tatu.

Hatua ya 4: Pima kuhema, usikimbilie kuhesabu mapigo

Anayemeza atenolol, bisoprolol au propranolol, mapigo yake yamezuiwa na dawa, hayatamwambia ukweli wa jitihada. Natumia kipimo cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi: 0 ni kutohema kabisa, 10 ni kuhema hadi ukomo. Kaa kati ya 3 na 5. Kwa lugha ya mtaani: unaweza kusema sentensi fupi, ila kuimba huwezi. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Usipoweza kutaja majina ya wanao wawili kwa pumzi moja, punguza.

Kuhema kwa namna hiyo hakuharibu mapafu. Nalirudia hili kila siku, kwa sababu woga wa kuhema ndio unaowarudisha watu kitandani.

Wenye kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni: kikishuka chini ya 88, simama upumzike. Rangi ya kucha au piko la harusi vinaweza kukidanganya, na kwenye ngozi nyeusi mara nyingine kinaonyesha namba nzuri kuliko hali halisi. Midomo ikibadilika rangi, amini midomo.

Hatua ya 5: Wiki zenyewe

Siku tano kwa wiki, asubuhi kabla ya jua kali. Dakika 5 za mwanzo polepole, mwisho polepole tena; usisimame ghafla, hasa ukitumia dawa za presha, kizunguzungu kitakuangusha. Ukishindwa dakika 10 mfululizo, tembea 2, kaa 1, urudie. Kukaa kwenye kiti ni sehemu ya zoezi. Kila wiki ongeza dakika 2 mpaka ufike 30, na kabla ya hapo usiongeze mwendo wala kutafuta kilima, isipokuwa mwendo kama unaweza kuimba au umerudia kipimo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na kwa wenye magonjwa sugu, lakini pia linasema kidogo ni bora kuliko sifuri.

Mwenye pampu ya salbutamol avute dakika 15 kabla, kama daktari alivyomwelekeza. Anayechoma insulini au kumeza glibenclamide apime sukari; ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale kwanza ndizi au uji, na mfukoni awe na glukosi au pipi. Avae raba, si ndala, na akague nyayo akirudi.

Siku mbili kwa wiki, kuinuka kitini: mikono kifuani, inuka, kaa, mara 8, pumzika, rudia. Toa pumzi unapoinuka. Ukiibana pumzi, presha inapanda. Ni zoezi dogo, lakini ndilo linalomrudisha mtu chooni bila kushikwa mkono.

Simama mara moja kifua kikibana au maumivu yakipanda taya au mkono, jasho la baridi likitoka, au macho yakiingia giza. Yasipoisha baada ya kukaa, tafuta gari la hospitali.

Hatua ya 6: Rudia kipimo

Kampala, watafiti waliwafundisha watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya TB kwa wiki 6, mara mbili kwa wiki, na wakamaliza wakitembea mbali zaidi. Mimi narudia kipimo wiki ya nane: njia ile ile, saa ile ile, viatu vile vile, dawa zimemezwa. Ongezeko la mita 30 hivi ni la kweli. Chini ya hapo huenda ni siku tu iliyokuwa nzuri. Ukipungua kiasi hicho na dawa hujaacha, chukua daftari lako uende nalo kliniki kabla ya kuendelea.

Fundi wangu alipata kamba 19, mita 285. Tukarudi kwenye hesabu ya hatua ya 3: 47.5 kwa dakika, asilimia 80 ni 38. Sasa dakika 10 zake ni kamba 25 na kidogo, na futi kamba bado anakuja na ya kwake.