Rangi ya pikipiki ikibanduka: namna ya kuiziba kabla kutu haijala bati

Pikipiki nyingi zinazofika mikononi mwangu hapa Pasua, Moshi, hazijagongwa na gari wala hazijaanguka. Zimepigwa na mawe. Ukipandisha abiria Uru au Kibosho mara nne kwa siku, gurudumu la mbele linatupa changarawe kwenye lile bomba la fremu linaloshuka mbele ya injini, na miezi michache tu inatosha pale pajae vidoa kama vya ndui. Funguo zinazoning'inia nazo zinapigapiga kichwani mwa pikipiki, bizimu ya mkanda wa suruali inakwangua tangi kwa nyuma, na petroli inayomwagika kituoni inakula rangi kuzunguka mfuniko.

Dereva huniambia, "Fundi, nipigie rangi tu niwahi kijiweni." Namwelewa, siku bila chombo ni siku bila hesabu ya bosi. Lakini rangi ndiyo kazi ndogo kuliko zote hapa. Kidoa ni mlango wa maji. Maji yakiingia hayabaki pale unapopaona, yanatambaa chini ya rangi iliyobaki, na kutu inasafiri nayo. Ukipaka juu yake umeifungia ndani. Fuata hatua hizi na kidoa kidogo utakimaliza mwenyewe nyumbani, bila kompresa.

Hatua ya 1: Jua unatibu nini

Pitisha ukucha kwenye kidoa. Ukiona rangi ya kijivu au nyekundu iliyofifia, hiyo ni praima, yaani rangi ya kwanza inayopakwa juu ya bati, na bati bado limefunikwa. Ukiona chuma au kutu, kazi imeongezeka. Rangi ikiwa imevimba kama lengelenge, lipasue sasa hivi, usilionee huruma.

Lengelenge likiwa chini kabisa ya tangi, simama kwanza. Maji yanayoingia na mafuta hukaa chini ya petroli kwa sababu ni mazito zaidi, kwa hiyo tangi huoza sehemu hiyo kuanzia ndani. Msasa utakuonyesha tundu, na petroli itaanza kutiririka juu ya injini ya moto. Hilo si la rangi. Mpelekee fundi wa matangi, na usikubali lichomelewe kabla halijaondolewa mvuke wote. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli ni hatari kuliko lililojaa.

Kama ulinunua pikipiki mkononi mwa mtu, pitisha sumaku ndogo ya spika mbovu juu ya tangi, ukiifunga kitambaa isikwangue. Inapokataa kushika, chini kuna pati nene, ule udongo wa kuzibia mabonde.

Hatua ya 2: Osha mpaka pawe pakavu na pasipo mafuta

Sabuni ya vyombo na maji mengi. Utomvu wa ndizi ukiwa umegandia kwenye kava za pembeni, uutoe kabla ya msasa, vinginevyo unausambaza. Kisha futa kwa spiriti na kitambaa cheupe, geuza kitambaa, futa tena. Petroli usiitumie kusafishia, inaacha utando wa mafuta.

Na kile kimiminika cha kung'arisha matairi na plastiki, ambacho waosha pikipiki wanakipenda sana, kina silikoni. Kikibaki hata kidogo, rangi mpya inakataa kushika na inajitenga kuwa vitundu vya duara. Osha mara mbili.

Ukiwa unashughulikia tangi, funga koki, funga mfuniko, fanyia kazi nje mbali na jiko na sigara, na usiliguse kwa mashine yoyote inayotoa cheche. Msasa wa mkono unatosha.

Hatua ya 3: Vunja kingo

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Rangi iliyobanduka ina ukingo, kama ngazi ndogo. Ukipaka rangi juu ya ngazi, utaiona ngazi hata ukirudia mara kumi, na mbaya zaidi, ule ukingo mara nyingi haujashika bati. Bandika maskintepu juu ya kidoa, kandamiza kwa kidole gumba, kisha ing'oe kwa nguvu. Vipande vikitoka nayo, shukuru, maana vingetoka vyenyewe baada ya wiki mbili. Rudia mpaka tepu itoke tupu.

Kwa kidoa kidogo kama punje ya mchele, kata duara dogo la msasa namba 600, ligundishe kwenye kifutio kilicho kwenye kichwa cha penseli, kisha zungusha taratibu. Utasugua kidoa bila kuchubua rangi nzima ya jirani. Kwa kidoa kikubwa kama sarafu, anza na namba 320, malizia na 600, ukisugua kwa maji kutoka katikati kwenda nje. Ukifumba macho na kupitisha kidole, usihisi mahali bati linapoishia na rangi inapoanzia. Ukihisi, endelea. Mimi hutumia nusu ya muda wote wa kazi kwenye hatua hii.

Hatua ya 4: Maliza kutu

Sugua mpaka bati ling'ae. Vile vidoti vyeusi vilivyozama ambavyo msasa haufiki, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori na uache muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukiikosa, siki inasaidia kwa kutu nyepesi: lowesha pamba, iache juu ya kidoa kama saa moja, sugua, osha kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, kisha kausha papo hapo. Bati tupu usililaze. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, utalikuta asubuhi limeshapata wekundu.

Hatua ya 5: Praima

Kwenye bati, praima ya chuma, tabaka jembamba mara mbili, kwa brashi ndogo au kijiti cha meno kama kidoa ni kidogo. Kwenye plastiki, yaani kava za pembeni na madigadi za pikipiki nyingi, tumia praima ya plastiki, la sivyo rangi itamenyeka kama ganda la yai. Plastiki pia usiifute kwa thina kali, inalainika na kupasuka. Pati weka tu kama kuna shimo la kubonyea. Kwa kidoa cha jiwe, praima inajaza yenyewe.

Hatua ya 6: Rangi

Bandua kava moja uende nayo duka la rangi, ulinganishe nje, juani, siyo chini ya taa ya dukani. Rangi ya pikipiki yako haifanani tena na ya kiwandani, jua limeipausha. Jaribu tone moja mahali pasipoonekana na usubiri likauke, kwa sababu nyekundu hasa hubadilika ikikauka. Nyeusi ya fremu ni rahisi. Zenye chembe za kumetameta ni ngumu, na kiraka chake kitaonekana kidogo hata kwa mkono mzuri. Ninamwambia mteja mapema.

Chovya kijiti cha meno, gusa katikati ya kidoa, acha rangi ijisambaze yenyewe. Usipake kama unapaka ukuta. Tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke, mpaka kidoa kiinuke kidogo sana juu ya rangi ya pembeni, maana kitanywea. Fanya kazi kuanzia saa nne asubuhi, kivulini. Mwezi wa saba, baridi na umande wa asubuhi vinaifanya klia, yaani tabaka angavu la kumalizia, iwe nyeupe kama maziwa.

Hatua ya 7: Klia

Mwanzoni nilimalizia tangi moja la Boxer kwa klia ya kopo la kupuliza. Liling'aa vizuri. Siku ya tatu petroli ilimwagika na ile klia ikakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nililirudia lote kwa gharama yangu. Tangu hapo, karibu na mfuniko natumia tu klia ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo, kwa sababu ikikomaa inavumilia petroli.

Hadina hiyo inaumiza mapafu. Kwa kidoa, ipake kwa brashi ndogo, nje, penye upepo. Kuipuliza kwa bunduki waachie wenye barakoa ya vichujio vya kemikali, kile kitambaa cha vumbi hakizuii kitu. Mwenye pumu asiiguse kabisa.

Hatua ya 8: Kulainisha

Subiri wiki. Funga msasa namba 2000 kwenye kifutio, chovya kwenye maji yenye tone la sabuni, sugua kile kilichoinuka tu mpaka kilingane. Patafifia. Sugua kwa kampaundi, ile dawa ya kung'arishia rangi, na kitambaa cha pamba, mng'ao utarudi.

Kama ulikuwa na kava la ngozi juu ya tangi, usilirudishe mwezi mzima, na kabla ya kulirudisha lioshe upande wa ndani. Mchanga unaokaa humo ni msasa unaosugua tangi kila pikipiki inapotikisika, na maji ya mvua hayatoki. Matangi yaliyooza zaidi niliyowahi kuyafungua yalikuwa yamevaa kava zuri.