Gari linagoma kuwaka baada ya kujaza petroli? Angalia valvu ya mvuke

Kama gari lako huwaka vizuri siku zote ila likitoka kujazwa petroli linasumbua, linapigwa stati weee ndipo liwake kwa kutetemeka, usikimbilie kubadilisha plagi wala pampu. Mshukiwa wa kwanza ni valvu inayopeleka mvuke wa petroli kutoka kwenye kopo la mkaa (linalonasa mvuke unaotoka tangini) hadi injini. Ikikwama wazi, mvuke mwingi uliosukumwa wakati wa kujaza huingia injini moja kwa moja na kuizidishia mafuta.

Kuipima ni rahisi. Mara nyingi iko karibu na manifoldi ya hewa (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini). Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ichomoe, kisha jaribu kupitisha hewa kwa pampu ndogo ya mkono (usipulize kwa mdomo, ina mvuke wa petroli). Bila umeme, valvu hii inapaswa kuziba kabisa. Hewa ikipita, imekufa; nunua nyingine.

Taa ya injini ikiwaka na kompyuta ya gari ikitoa msimbo wa hitilafu P0455 au P0442, hapo unatafuta uvujaji kwenye mfumo huu wa mvuke. Anza na mfuniko wa tangi: mpira wake ukipasuka, umepata jibu la bei nafuu. Ukifuta msimbo, usitegemee majibu siku hiyo hiyo, maana kompyuta kwa kawaida hupima mfumo huu injini ikiwa baridi na tangi halijajaa wala halikaribii kuisha.

Na bomba la kujazia petroli kituoni likijizima lenyewe, acha. Ukizidi kushindilia, petroli yenyewe hufika kwenye kopo la mkaa na kuliharibu.