Anza na shangazi: kujikinga na saratani ya matiti inayopita kwenye ukoo

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Kwa miaka mingi nilijiona niko salama, kwa kuwa mama yangu ni mzima, bado anapalilia mihogo, na bibi mzaa mama alikufa kwa uzee. Kumbe nilikuwa naangalia upande mmoja tu. Hitilafu kwenye jeni ya BRCA1 au BRCA2 (jeni ni maelekezo ya mwili tunayorithi, na hizi mbili zikiwa nzima hutukinga na saratani) hupita kwa baba sawasawa na inavyopita kwa mama, na kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Sisi ilitujia kwa baba.

Kwa hiyo chukua karatasi (mimi nilitumia mgongo wa kalenda ya zamani) uchore ukoo wa pande zote mbili. Usiulize "alikufa na nini?" Utajibiwa "tumbo", au "alitupiwa kitu". Uliza alianza kuumwa akiwa na miaka mingapi, na alipasuliwa wapi. Shangazi yangu mkubwa "alivimba tumbo", basi. Aliyemuuguza ndiye aliyenisimulia jinsi alivyokuwa akitolewa maji tumboni kila baada ya wiki chache, na daktari aliposikia akaniuliza papo hapo kuhusu ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Kinachopaswa kukushtua ni saratani ya titi kabla ya miaka 50, ya matiti yote mawili, ya ovari katika umri wowote, au mwanamume aliyepata ya titi.

Kupima jeni, aanze aliyeugua akiwa bado hai. Shangazi mdogo alitema mate kwenye kichupa, ikaonekana hitilafu ya BRCA1, na sisi wengine tukatafutiwa hitilafu hiyohiyo moja. Ukianza wewe uliye mzima ukaambiwa huna kitu, hujui kama umenusurika au chanzo cha kwenu hakikutafutwa. Kuna na jibu la tatu: badiliko ambalo maana yake bado haijulikani. Sisi Waafrika hulipata mara nyingi zaidi kwa sababu waliopimwa miongoni mwetu ni wachache. Hilo peke yake lisikupeleke chumba cha upasuaji.

Mimi ninayo ile hitilafu ya shangazi. Katika wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1 au BRCA2, karibu 70 hupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80. Hakuna unga wa mlonge utakaobadilisha jeni, na nimeuziwa mwingi.

Watu huchanganya kuchunguza na kuzuia. MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) ya kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamogramu (eksirei ya matiti) kuongezwa kuanzia 30, haizuii saratani, huikamata ikiwa ndogo. Kabla hujapanda basi, piga simu uulize kama mashine yao ya MRI ina kifaa maalumu cha matiti. Mimi nilisafiri usiku kucha nikakuta hakuna. Na kama bado unapata hedhi, omba tarehe iangukie kati ya siku ya 7 na ya 14 ya mzunguko, picha hutoka safi zaidi.

Kinachopunguza hatari kuliko vyote ni kuondoa matiti kabla hayajaugua: hushuka kwa zaidi ya asilimia 90. Vidonge vya tamoksifeni, vinavyozuia homoni ya kike isichochee saratani ya titi, vipo, ila BRCA1 mara nyingi huleta saratani isiyotegemea homoni, hivyo matumaini yake ni makubwa zaidi kwa wenye BRCA2. Ovari na mirija yake, ambazo hitilafu hiyohiyo huziweka hatarini, ni jambo jingine, maana saratani yake haina kipimo cha kutegemewa cha kuikamata mapema. Wenye BRCA1 hushauriwa kuziondoa kati ya miaka 35 na 40, wakishamaliza kuzaa. Wenye BRCA2 wanaweza kungoja hadi 40 au 45.

Nilitoa ovari nikiwa na 38. Hedhi ilikatika siku moja na joto likanipanda hadi nikawa nashona na ndoo ya maji miguuni. Uliza mapema kuhusu mifupa, na kama unaweza kupewa homoni kwa muda. Matiti bado ninayo, nachunguzwa kila mwaka, na kila mwaka nafikiria upya.

Kaka yangu alisema haya ni ya wanawake. Akapimwa baada ya ugomvi wa mwezi mzima, naye anayo. Ana mabinti watatu. Mkubwa ana 17, tumekubaliana akishakuwa mtu mzima aamue mwenyewe, na ile kalenda sasa iko kwao.