Somo: Kutengeneza mishale sita ya mbao inayofanana

Anayeanza hupenda kuhangaika na mshale mmoja apate kuupendezesha. Mimi nakuomba uhangaikie mishale sita ifanane. Mshale wenye kasoro ndogo utauzoea, lakini mishale sita yenye tabia sita tofauti haizoeleki, na hutajua kosa ni la mkono wako au la mshale.

Kuchagua mawano, yaani vijiti vinavyokuwa mwili wa mshale. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka. Nunua mawano kumi ili upate sita. Unene wa kawaida ni milimita 8 au 8.7. Liviringishe kila moja juu ya kioo, likirukaruka, limepinda. Pinda ndogo hunyooshwa kwa mikono baada ya kupasha moto kidogo kwa mvuke. Wano lenye ufa au fundo, weka kando moja kwa moja.

Kisha pima uzito. Tofauti kati ya jepesi na zito isizidi gramu 0.65.

Sasa ugumu, kipimo ambacho wengi hukiruka. Weka wano juu ya vigingi viwili vilivyoachana sentimita 66, ning'iniza gramu 900 katikati, upime limezama milimita ngapi. Gawanya 660 kwa jibu hilo. Likizama milimita 16.5 unapata 40, yaani lianze kujaribiwa na upinde ambao nguvu yake ya kuvuta ni ratili (pauni) 40. Sababu ni kwamba ukiachia upote, yaani uzi wa upinde, mshale haupiti umenyooka: hujipinda ukauzunguka mwili wa upinde, kisha ukajinyoosha njiani. Mgumu kupita kiasi haujipindi vya kutosha. Mlegevu hujipinda mno. Wakati wa kupima, duara za umri wa mti zinazoonekana kwenye kichwa cha wano zisimame wima, na upande huohuo ndio utakaoegemea upinde.

Urefu. Vuta upinde ukiwa na wano refu ambalo halijakatwa, mwenzako akiwa pembeni, si mbele, atie alama pale linapovuka uso wa mbele wa upinde. Rudisha upote taratibu, usiuachie. Ongeza sentimita 2.5 mbele ya alama, ndipo ukate. Mshale mfupi unaweza kuanguka nyuma ya upinde ukiwa umevutwa, na hapo mkono wako ndio shabaha.

Miisho. Kuna kichongeo maalumu, mfano wa kile cha penseli, chenye matundu mawili: la pembe ya nyuzi 5 kwa upande wa kigumba, yaani ncha ya chuma, na la nyuzi 11 kwa upande wa nyuma. Chonga bila kukandamiza. Kipande cha plastiki cha nyuma, kinachoushika upote, kigandishwe pengo lake likizikata duara za umri. Ukilipanga sambamba nazo, upote unaweza kulipasua wano. Kigumba kipashwe moto, kitiwe gundi ya kuyeyuka, kisukumwe huku ukikizungusha hadi kikae. Pasha chuma, usipashe mbao. Vigumba vyote viwe vya uzito mmoja, gramu 6.5 zinatosha kuanzia.

Vanishi hupakwa kabla ya manyoya, tabaka mbili nyembamba, na sehemu ulizochonga ziachwe bila vanishi ili gundi ishike.

Manyoya. Matatu kwa kila mshale, yote ya bawa la upande mmoja, kulia au kushoto. Ukichanganya, moja litauzungusha mshale huku na jingine kule. Yaanzie sentimita 2.5 kutoka mwisho wa nyuma, yakiachana nyuzi 120. Moja, la rangi tofauti, lisimame kwa pembe ya nyuzi 90 na pengo la upote. Ndilo linalotazama nje ya upinde.

Sasa pitisha kidole kwenye ncha ya mbele ya unyoya, pale mfupa wake unapoishia. Ukihisi umeinuka hata kidogo, tia tone la gundi na uzungushie uzi. Ncha hiyo hupita juu ya mkono ulioshika upinde kwa kasi kubwa, na ikiinuka huingia kwenye nyama kama sindano.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Naweza kutumia manyoya ya kuku?*

Marahaba. Ya kuku ni laini, yatalala upesi. Tafuta manyoya makubwa ya bawa la bata mzinga au bata bukini.

*Mishale yangu yote inakwenda kushoto. Natumia mkono wa kulia, na upinde hauna kosa.*

Yote sita kwa pamoja? Basi hongera kwanza, maana inafanana. Kwa mtu wa mkono wa kulia, kushoto kwa kawaida ni dalili ya wano gumu. Jaribu vigumba vizito zaidi, maana uzito wa mbele hulilegeza wano. Usikate urefu, utalizidishia ugumu. Ila mwombe mtu akutazame unavyoachia kabla hujagusa chochote, kwani hata vidole husukuma kushoto.

*Nina upinde wa kisasa wenye magurudumu. Mishale hii inafaa?*

Hapana ndugu yangu, kabisa. Upinde huo husukuma kwa nguvu inayoweza kuvunja mbao mkononi mwako. Tumia kaboni au alumini ya kiwango alichotaja mtengenezaji wa upinde.

*Na hiyo kaboni inakaguliwaje?*

Kila baada ya kufuma, hasa mshale ukigonga kitu kigumu au mshale mwenzake. Shika miisho miwili ya mshale, uukunje kidogo mbali na uso, uuzungushe, uukunje tena, huku ukisikiliza. Ukisikia mlio wa kupasuka, au kidole kikihisi ufa, uvunje vipande viwili palepale na uutupe, usije ukarudi kwenye podo, yaani mfuko wa mishale, kwa bahati mbaya.