Usifunge Kamba Kabla Hujawapima Majimoto

Ukiona vidaka vya mnazi vinapukutika ovyo, yuko mdudu anayevifyonza vikiwa vichanga, na majimoto, wale chungu wa mitini wanaoshona viota vya majani, ndio wanaommudu. Kwa hiyo watu wengi hapa Mtongwe hufunga kamba kutoka kwenye mwembe wenye majimoto hadi kwenye mnazi usio nao, wapate kuvuka. Ni jambo jema. Lakini ikiwa mnazi nao una majimoto, hata wachache, wapime kwanza, wasije wakauana bure.

Asubuhi, jua halijakolea, weka ncha ya kijiti kwenye njia yao pale mwembeni. Wakishapanda kadhaa, wapeleke mnazini uwateremshe taratibu kwenye shina. Sasa inama utazame. Wakiwa wa malkia mmoja, watagusana vipapasio, kila mtu ashike njia yake. Pengine utaona wawili wanalishana mdomo kwa mdomo. Wakiwa wa malkia wawili, mwenyeji atapanua taya na kuinua tumbo juu. Mgeni atakamatwa miguu na vipapasio, huyu avute huku, yule kule, mpaka atanuke kabisa, na wengine wanazidi kuja. Hapo usifunge kitu. Waachie nafasi iliyo wazi kati ya miti yao. Viota vya mpakani hukaa wafanyakazi wazee, nao ndio wa kwanza kufa vita vikizuka. Mimi huwahurumia sana.

Wakipatana, funga kamba ya makumbi tawi kwa tawi, ikaze, isiguse chini.

Usipalilie shina hadi udongo ubaki mtupu. Chungu wadogo wa kahawia wa ardhini hustawi hapo, na wakipanda juu majimoto wanahama. Acha majani kidogo.

Mkwezi akija, mpe majivu ajipake mikono na miguu, na umwombe asikate viota. Mwonyeshe kazi iliyomo: majimoto hujipanga mstari wakavuta kingo za majani, pengo likiwa pana, hushikana viuno wakawa mnyororo. Wengine huleta watoto wao wangali mabuu, wamewashika kwa taya, wakiwapitisha huku na huku, na uzi unaotoka midomoni mwa watoto ndio unaoshona. Buu hajibakizii uzi wa kujifunika. Wote umeingia kwenye nyumba.

Kamba ikilegea au kuoza, ibadilishe upesi. Funga mpya kwanza, ndipo ukate ya zamani.